Nafasi ya kila msanii katika ukumbi mdogo

Umeuliza iwapo wasanii 8 wanaoonyesha kazi zao pamoja katika ukumbi mdogo wagawiwe ukuta kwa usawa. Kwa maoni yangu haifai, kwa sababu mchoro mmoja mkubwa wenye rangi kali unaweza kumeza ukuta mzima, ilhali picha 5 ndogo za penseli hukaa pamoja kwa utulivu na kumfanya mtazamaji asogee karibu. Msimamizi aziegemeze kwanza kazi zote chini ya kuta na kuzihamisha mara kadhaa, akiangalia zipi zinasaidiana na zipi zinafifishana, kabla ya kupiga msumari wa kwanza. Kitovu cha kila picha kikae takriban sentimita 150 kutoka sakafuni, yaani karibu na usawa wa macho. Hata wachoraji waliojiandalia maonyesho yao mjini Paris mwaka 1874, wakiwemo Monet na Degas, hawakuleta idadi sawa ya kazi. Linaloniuma zaidi ni sanamu kusukumwa kwenye kona, kwani sanamu huumbwa ili mtu aizunguke, na kama nafasi hiyo haipo, ni afadhali ingojee maonyesho mengine.