Maswali na Majibu: Miyaa, Kofia na Hesabu

Nafundisha darasa la sita. Nataka kusomesha hesabu kwa ususi. Nianze kwa kubandika picha za mikeka ubaoni? (Mwalimu, Langoni)

Picha ziache, mwalimu. Mtoto ataona rangi tu. Kata vipande vya karatasi, vinane vyeusi na vinane vyeupe. Simamisha vinane, cheusi, cheupe, cheusi, cheupe. Pitisha vya mlalo kwa mpangilio huohuo, juu ya kimoja, chini ya kimoja. Utapata milia. Sasa chomoa vya mlalo, virudishe palepale ila uanze na cheupe. Milia yote imegeuka upande wa pili! Hapo waulize kwa nini, na asiguse gundi mtu kabla hajajibu. Ni shufwa na witiri, basi, lakini wameishika kwa vidole. Na ukimkalisha bi mkubwa msusi wa Matondoni asubuhi nzima akusomeshee darasa, mlipe.

Ni kweli milango ya Lamu imechongwa kwa ile 1.618, uwiano uitwao wa dhahabu? (Shela)

Chukua futi, upime milango kumi, ndipo uulize. Nimechoka na swali hili.

Kofia yangu, ua la mwisho halikutani na la kwanza. (Mkomani)

Hukugawa kabla ya kutoboa. Ukanda wa vitobo 92 na ua la vitobo 7: maua 13 yanakula 91, kimoja kinabaki. Chagua ua la vitobo 4, upate maua 23 kamili. Usilibane la mwisho ukidhani mteja haoni. Anaona.

Nashona duara la ukili, ule mkanda wa miyaa iliyosukwa, la kuwekea sinia, linabonyea katikati. Uzi mbovu? (Faza)

Uzi hauna kosa, ni wewe unayeuvuta mno. Kwa ukili wa upana wa sentimita 1, kila mzunguko uuzidi uliotangulia kwa sentimita 6 na ushei, yaani mara mbili ya pai. Ukipunguza, linainuka; kawa ya kufunikia chakula hushonwa hivyo kwa makusudi. Ukizidisha, kingo zinajikunja mawimbi. Mawimbi hayo usiyadharau: mwaka 1997 mwanahesabu Daina Taimina wa Chuo Kikuu cha Cornell aliyafuma kwa kroshia, wanafunzi wakaishika mkononi jiometri ya nyuso za mawimbi kama hayo, ambayo vitabu huieleza kwa tabu. Wanaosema kufuma ni kazi ya kupitishia wakati wasome hapo mara mbili.

Kuna mwanahesabu aliyechunguza ususi wa Kiafrika, au ni kujisifu tu? (Mwanachuo, Malindi)

Yuko. Paulus Gerdes wa Msumbiji, aliyefariki 2014, alichambua sipatsi, mikoba ya kusukwa ya Inhambane hukohuko Msumbiji. Nakshi zinazojirudia kwenye ukanda zina aina saba tu za ulinganifu, ya nane haiwezekani, na zote saba alizikuta kwa wasusi. Kujisifu ni kulitaja jina lake bila kufanya kazi. Nenda kwenye nakshi za chokaa za nyumba za mawe za Lamu, uzipange kwa aina. Kisha niletee, na picha zipigwe uso kwa uso. Za kuinama pembeni sizitazami.