Kaacha gongo, sasa ale nini?

SWALI: Mdogo wangu kaacha gongo, mwezi wa pili huu, tuko naye hapa Moshi. Anataka chai na mkate tu, na mama anasema maharage na nyama vitamchosha ini. Kweli?
Dada mtu, Majengo

JIBU: Hongera dada kwa kumshikilia. Mama tumheshimu, ila hapo hapana. Mlevi wa siku nyingi mara nyingi misuli imekwisha maana pombe ndo ilikuwa mlo wake, na protini ndo inairudisha, tena asidi amino zake (vipande vinavyoijenga) ndo mwili unatengenezea dopamini na serotonini, kemikali za ubongo zinazohusika na hisia. Ila msidhani mayai yatamaliza hamu ya pombe, ushauri nasaha uendelee. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji angalau gramu 48 za protini kwa siku, yai moja lina kama 6, basi mpikieni kiburu chenye maharage ya kutosha (sio ndizi tupu!), dagaa, maziwa. Macho yakiwa ya njano au tumbo likijaa maji awahi hospitali, ingawa hata wenye ini bovu siku hizi wengi wanaongezewa protini, hawapunguziwi. Huko aulizie na vitamini B1.