Ruhusa ya xhost inayopotea kila ukiwasha mashine

Utakutana na hili mapema ukianza kazi ya kusimamia Linux: programu inayoendeshwa na mtumiaji mwingine inakataa kufungua dirisha, inaandika tu "No protocol specified". Mwenzako anakwambia piga `xhost +` (xhost ni amri ya kuruhusu au kukataza nani afungue madirisha kwenye skrini yako), dirisha linafunguka. Kesho yake ukiwasha mashine, yale yale.

xhost haiandiki chochote kwenye diski. Orodha ya walioruhusiwa inakaa kwenye kumbukumbu ya seva ya X, yaani programu inayochora madirisha kwenye skrini, na seva ikizimwa orodha inafutika. Kwa hiyo amri inabidi ijirudie kila unapoingia.

Lakini ibane kwanza. `xhost +` inaondoa ulinzi wote: programu yoyote inayoifikia seva hiyo inaweza kunasa kila herufi unayobonyeza, nywila zikiwemo, na kupiga picha skrini yako. Nakusihi usiifanye hiyo kuwa ya kudumu. Mtaje anayehitaji peke yake. Tuseme ni mtumiaji wa mashine hiyo hiyo anayeitwa ripoti:

`xhost +si:localuser:ripoti`

Kwa Debian na Ubuntu, weka mstari huo kwenye `~/.xsessionrc`, mifumo mingine mingi inasoma `~/.xprofile`. Hakikisha kwanza `echo $XDG_SESSION_TYPE` inajibu x11, maana ukiwa kwenye Wayland, mfumo mwingine wa madirisha unaochukua nafasi ya X, faili hizo huenda zisisomwe. Wengi huuweka kwenye `~/.bashrc`, na hapo si mahali pake: faili hiyo inasomwa kila ukifungua terminali, hata ukiingia kutoka mbali kwa ssh pasipo skrini, na utapata "unable to open display". Toka, ingia tena, kisha piga `xhost` tupu. Mstari wa kwanza useme "access control enabled", na chini yake uone SI:localuser:ripoti.

Kama programu iko kwenye kompyuta nyingine, achana na xhost kabisa. Ukiruhusu anwani ya IP, umemruhusu kila mtu aliye kwenye mashine ile; tena tangu Xorg 1.17 ya mwaka 2015 (Xorg ndiyo seva ya X ya kawaida kwenye Linux), seva haisikilizi TCP, yaani miunganisho ya mtandao, mpaka uiambie. Tumia ssh. Kule kwenye programu, weka `X11Forwarding yes` ndani ya `/etc/ssh/sshd_config`. Kwako, `ForwardX11 yes` ndani ya `~/.ssh/config`. Hayo yanadumu yenyewe, na mawasiliano yanasimbwa. Madirisha mapya yakianza kukataliwa baada ya dakika 20, angalia ForwardX11Timeout: ndio muda wake wa kawaida pale ForwardX11Trusted ikiwa no, yaani programu ya mbali haiaminiwi kikamilifu.