Kwa mnaoanza bustani ya ndani

Wadogo zangu, kila mnaponionyesha mmea wenye majani ya njano nami nikauliza kama chungu kina tundu chini, najibiwa kwamba humwagiliwa kila siku bila kukosa. Sikuuliza hilo.

1. Chungu kisicho na tundu ni pambo tu. Pandeni kwenye kopo lenye matundu, kisha mlitumbukize humo.

2. Maji. Niliwahi kuua Saintpaulia, lile ua dogo la zambarau lenye asili ya milima yetu ya Usambara, lililopewa jina la Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa Mjerumani aliyelikusanya mwaka 1892. Nililimwagilia kila asubuhi kwa moyo mweupe. Majani yalipolegea nikadhani ni kiu, nikaongeza na maji ya jioni, nisijue kwamba mizizi huhitaji hewa, kwamba udongo uliojaa maji huinyima hewa hiyo hadi ikaoza, na kwamba mzizi uliooza haunywi chochote. Nilipolishika ili nihamishe chungu, lilitoka lote mkononi bila kuvutwa, mizizi imekuwa ya kahawia na kulainika, ikinuka mtaro. Kinachoniuma hadi leo ni majani mawili yaliyokuwa bado mazima, kwa maana jani la Saintpaulia likichomekwa kikonyo chake kwenye mchanga wenye unyevu huweza kutoa mche mpya. Mimi, kwa aibu, nilitupa vyote jalalani. Chomekeni kidole kwenye udongo. Mkikuta ubichi, ondokeni.

3. Dirisha. Ushauri wa Ulaya husifu dirisha la kusini, nao ni sahihi kwa Ulaya. Hapa Dar es Salaam, kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, jua la mchana hupita kaskazini. Rafiki yangu aliyeutii ushauri huo alikuwa, ilipofika Juni, na mrehani mrefu, mwembamba, usio hata na harufu ya kujivunia, na bado akamlaumu muuza miche.

4. Vidung'ata, wale weupe wanaojificha kwenye makwapa ya majani, futeni kwa pamba yenye spiriti.

5. Mmea mgonjwa haupewi mbolea.

6. Msafiri anunue Zamioculcas, ambayo wengi huidhani ya kigeni ilhali huota porini Afrika Mashariki. Huhifadhi maji katika viazi vyake chini ya udongo, kwa hiyo ukimwachia jirani ufunguo, msihi asiimwagilie.