Mshauri alimtaka mdogo wangu asimulie yote siku ya kwanza

Dada yangu, pole sana. Mdogo wako alivamiwa mwaka jana, sasa anasema bora afe, na amekataa kurudi kwa mshauri aliyemtaka asimulie kila kitu kikao cha kwanza. Hajakosea kukataa. Kwa aliyeumizwa hivyo, usalama hutangulia. Simulizi hufuata akiwa tayari.

Leo hii muulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimtii wazo kichwani, mara nyingi humtua mzigo. Akisema ana mpango, usimwache peke yake, mpeleke hospitali sasa hivi. Dawa na sumu za shambani zihamishie kwa jirani. Kwa kuwa mko Kenya, pigeni 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure. Na usiogope polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kumshtaki mtu kwa kujaribu kujiua kunakiuka Katiba.

Kisha mtafutie mshauri mwingine, ila mpigie kwanza umuulize: mtu akitaka kunyamaza, utafanyaje? Mnaandika mpango wa usalama, yaani dalili za hatari, cha kufanya na wa kumpigia wazo la kufa likimjia?

Binti mmoja niliyemhudumia tuliuandika kwenye karatasi ya daftari: ganzi ya mikono inayomjia usiku, maji baridi usoni, shangazi wa kumpigia hata saa nane usiku. Aliikunja akaiweka ndani ya kava la simu. Vikao vitatu hatukugusa tukio lenyewe, na mlango tuliuacha wazi kwa sababu aliomba hivyo. Cha nne alianza kusema mwenyewe.