RPM kupanda na kushuka, gari kutetemeka ikiwa sailensa: usikimbilie kununua throtobodi

Mkuu, umesema gari ilikuwa ikisimama kwenye foleni mshale wa RPM unapanda na kushuka, gari inatetemeka, na ukiwasha AC inataka kuzima. Fundi kasafisha throtobodi, yaani mlango unaoingiza hewa kwenye injini, na sasa inakaa 1500 haishuki, naye anakwambia tafuta throtobodi nyingine. Usinunue kwanza. Nimehangaika na sailensa (si bomba la moshi, ni injini kuzunguka taratibu bila kukanyaga mafuta) za gari zangu na za jamaa zangu miaka mingi, na kwenye maelezo yako naona mambo mawili yamechanganywa.

Tuanze na hiyo 1500. Kwenye gari ya throtoli ya umeme, ile isiyo na waya kutoka kwenye pedeli, bati la throtoli halifungi kabisa injini ikiwa sailensa. Linaacha mwanya mwembamba, na kompyuta ndiyo inaamua mwanya uwe kiasi gani. Mvuke wa oili unaorudishwa kutoka kwenye injini, pamoja na masizi ya EGR (mfumo unaorudisha sehemu ya moshi kwenye injini) kama gari inayo, hugandia pembezoni mwa bati. Mwanya unapungua kidogokidogo, kompyuta inafidia kwa kulifungua bati zaidi, na hali inaendelea hivyo mpaka inaishiwa pa kufidia. Hapo ndipo gari huanza kuzima ukiachia mafuta. Sasa fundi katoa uchafu wote kwa mkupuo, lakini kompyuta bado inalifungua bati kwa kipimo cha enzi za uchafu. Hewa inaingia nyingi, RPM inapaa. Hiyo throtobodi huenda ni nzima kabisa, kinachokosekana ni kuifundisha kompyuta sailensa upya.

Gari nyingine hujiweka sawa zenyewe ukiziacha zipate moto, vifaa vyote vya umeme vimezimwa, kisha ukaziendesha kawaida. Nyingine zinataka mashine ya kusoma kompyuta ya gari yenye kipengele cha kufundisha sailensa. Nissan nyingi zina utaratibu wa kuwasha swichi na kukanyaga pedeli kwa mpangilio wa sekunde maalumu, tafuta ule wa injini yako hasa. Kuchomoa betri si jibu la wote: kuna gari inaziponya, na kuna gari inazifutia hata kile kidogo zilichokuwa zinakumbuka.

Muulize fundi alisafishaje. Bati la throtoli ya umeme halisukumwi kwa bisibisi, na halishikwi kwa kidole swichi ikiwa imewashwa. Likifunga ghafla linaumiza, na gia ndogo zilizomo ndani zinaweza kukatika. Halafu baadhi ya throtobodi zina rangi nyeusi ya kiwandani kwenye ukingo wa bati. Mafundi wengi huiona wakadhani ni masizi, wanaikwangua kwa brashi ya waya hadi ing'ae. Ikishaondoka, hewa inapita hata bati likiwa limefungwa, na hapo kweli sailensa itakuwa juu na hakuna kufundisha kutakakoishusha. Kitambaa laini na dawa ya throtoli vinatosha.

Sasa huo mtetemeko wa mwanzo. Kusafisha si dawa ya kila mtetemeko, na hapa ndipo watu wanapoteza hela. Mshale ukiwa umetulia lakini kiti kinatikisika, tena kinazidi ukiwa kwenye D umekanyaga breki na kupungua ukiweka N, tazama mauntini za injini, yaani mipira inayoishikilia. Kama injini inamisi, yaani silinda inaruka bila kuwaka, na kodi ya hitilafu kwenye mashine ni P0301, P0302 na kuendelea, namba ya mwisho inakuonyesha silinda, kwa hiyo anza na plagi na koili. Lakini mshale unaopanda na kushuka kama pumzi ya mtu aliyelala, kwangu mimi mtuhumiwa wa kwanza ni hewa inayoingia bila kupimwa.

Sensa ya MAF hupima hewa inayopita, kompyuta inatoa petroli kulingana na hiyo. Mpira ukipasuka baada ya sensa, kuna hewa imeingia kwa mlango wa nyuma, na mchanganyiko unakosa petroli. Injini ikiwa sailensa inavuta hewa kidogo, kwa hiyo hata ufa mdogo ni sehemu kubwa ya hewa yote. Ukipiga resi, ufa uleule unakuwa si kitu. Ndiyo maana gari inatetemeka imesimama halafu barabarani inakimbia vizuri tu.

Tumia tofauti hiyo kupima. Chomeka mashine, hata ile ndogo ya bluetooth, angalia STFT na LTFT, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza kwa muda mfupi na kwa muda mrefu, injini ikiwa ya moto. Jumla yake ikicheza karibu na sifuri, asilimia tano juu au tano chini, huna shida ya hewa. Ikiwa asilimia 15 au 20 juu kwenye sailensa, halafu ukishikilia 2500 ikashuka karibu na sifuri, kuna mahali hewa inaingia. Ikiwa afadhali kwenye sailensa lakini inapanda kadiri unavyokanyaga, shuku MAF chafu au petroli isiyofika ya kutosha. Kodi P0171 (mchanganyiko unakosa petroli) inaweza kuletwa na yote hayo, kwa hiyo peke yake haikuambii ununue nini. Kwa gari zisizo na MAF, zinazotumia MAP (sensa ya mgandamizo wa hewa kwenye manifoldi), ufa mara nyingi hujionyesha kwa sailensa kuwa juu, kwa hiyo jua kwanza yako ni ipi.

Pa kutafuta ufa: ule mpira mkubwa kutoka eakilina (kisafisha hewa) hadi throtobodi, hasa upande wa chini kwenye mikunjo. Ufunue, uukunje kwa mkono, maana ukiwa umelala unaonekana mzima. Kisha mipira midogo ya vakyumu, ule unaokwenda kwenye busta ya breki, valvu ya PCV (inayorudisha mvuke wa oili kwenye injini) iliyokwama wazi, na gasketi ya manifoldi. Gasketi ya throtobodi pia, kwa kuwa imefunguliwa juzi. Kipimo safi ni moshi, fundi anaujaza kwenye njia ya hewa na unaona unapotokea. Ile ya kupulizia petroli au dawa ya kabureta juu ya injini ya moto siipendi hata kidogo, ni moto unautafuta.

MAF ukiigusa, tumia dawa yake maalumu tu, usitumie ya breki wala ya kabureta. Chomoa, puliza kutoka mbali kidogo, usiguse kale kawaya, iache ikauke kabisa ndipo urudishe. Anayetumia filta ya hewa ya kitambaa inayopakwa mafuta asiyazidishe, ndiyo yanayoenda kugandia pale.

Throtoli ya waya mara nyingi ina valvu ya sailensa pembeni. Ifungue, safisha njia yake na ncha yake, lakini usiilowanishe upande wa mota.

Na kama injini yako inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kama zile D-4 za Toyota, masizi hukaa kwenye valvu za kuingizia hewa. Petroli haipiti pale, kwa hiyo dawa ya kumwaga kwenye tangi haitazifikia. Manifoldi inafunguliwa, valvu zinakwanguliwa au kupulizwa kwa unga wa maganda ya jozi (walnut). Ni kazi ya siku nzima, usiianze kabla ya kuhakikisha hakuna ufa.

Kwa hiyo fundisha sailensa kwanza, kisha utuletee hapa namba za STFT na LTFT kwenye sailensa na kwenye 2500, pamoja na aina ya injini. Ile throtobodi ya dukani iache ilale.