Kalipa imejamu: maswali yenu kuhusu breki

Barua za mwezi huu karibu zote zina kilio kimoja: kalipa (kile kifaa kinachobana pedi za breki kwenye diski ya gurudumu) imejamu, mpya ni ghali, ya mtumba huijui imetoka wapi. Je, mtu anaweza kuifungua nyumbani akaitengeneza? Anaweza, mradi asiwe na haraka, na awe tayari kuitupa pistoni iliyokwisha (kile kipande cha mviringo ndani ya kalipa kinachosukuma pedi) hata kama imemuuma mfukoni. Nitajibu kwa kadiri nilivyofanya kazi hii kwa mikono yangu.

Fundi, shikamoo. Gurudumu la mbele kushoto linachemka hadi linanuka, na gari linavuta upande huo. Nimeambiwa ninunue kalipa nzima. Ni kweli? (Msomaji, Mombasa)

Marahaba. Usinunue kitu bado. Dalili hiyo inaletwa na vitu vitatu, na pistoni ni kimoja tu kati yake.

Tia kabari magurudumu ya nyuma, inua mbele, likalishe gari juu ya stendi za chuma. Jeki peke yake isikudanganye. Mtu akanyage breki na kuachia, kisha uzungushe gurudumu kwa mkono. Likigoma, legeza ile nati ndogo ya kutolea upepo, yaani hewa iliyonaswa kwenye mafuta ya breki, nyuma ya kalipa. Mafuta yakiruka na gurudumu likafunguka, kalipa ilikuwa inasingiziwa: kuna presha iliyonaswa huko juu, na mara nyingi mkosaji ni hozi ya mpira iliyovimba kwa ndani. Kwa nje inaonekana nzima kabisa, lakini ndani imeziba ikawa mlango wa kwenda tu. Mguu wako una nguvu ya kuyapitisha mafuta, kurudi hayarudi. Badilisha hozi, ya upande wa pili pia.

Gurudumu lisipofunguka, toa brekipedi uzitazame. Ya ndani ikiwa imekwisha na ya nje bado nene, anza na zile pini mbili ambazo kalipa huteleza juu yake. Zikiganda, kalipa haisogei, na pedi ya ndani inabaki kufanya kazi ya mbili. Zing'oe, zisugue hadi zing'ae, paka grisi ya silikoni, weka raba mpya. Pini zikiwa zinateleza vizuri na bado pistoni hairudi ndani ukiisukuma kwa klempu (kibanio cha skrubu) na nati ya upepo ikiwa wazi, hapo ndipo tunafungua kalipa.

Kwenu Mombasa, kama Tanga na Unguja, hewa ya bahari haina huruma, inaleta kutu. Na baadhi ya magari yanayotoka Japani yameshakula chumvi ya barabara za theluji kabla hata ya kupanda meli.

Nimeifungua, lakini pistoni haitoki. Jirani anashauri niipashe moto kwa gesi. (Dar es Salaam)

Mwambie jirani asante, na gesi irudi jikoni. Mafuta yaliyofungiwa ndani yakichemka yanaweza kuilipua kalipa. Tena, kama uliisafisha kwa dawa ya kupuliza yenye klorini, mabaki yake yakikutana na moto hutoa gesi ya sumu inayoharibu mapafu.

Njia bora ni ile ambayo wengi wanaikosa kwa kuwahi kukata hozi: breki ya gari lenyewe. Kalipa ikiwa bado imeungwa kwenye hozi, itoe kwenye diski, weka kipande cha mbao mbele ya pistoni, beseni chini yake, kisha mwenzako akanyage breki polepole. Nguvu inayotoka pale inazidi mkono wa mtu yeyote. Angalia kikopo cha mafuta ya breki chini ya boneti kisikauke. Mafuta ya breki yanakula rangi ya gari, kwa hiyo yakidondoka kwenye bodi yamwagie maji mara moja.

Kama hozi umeshakata, kuna kompresa, nami naitaja kwa hofu. Upepo hubanwa kama springi: pistoni inakaa kimya, kimya, halafu inatoka kama risasi. Nimemwona kijana gereji akisagika kidole kwa kuishika kalipa kama kikombe. Mbao nene katikati, matambara juu, presha ndogo ya kupanda taratibu, na vidole viwe mbali. Mimi huona pampu ya grisi ni salama zaidi. Tafuta nipo ya grisi (kile kichuchu cha kupitishia grisi) yenye nyuzi zinazolingana na tundu la kutolea upepo, ziba tundu la hozi kwa boliti, pampu taratibu. Grisi haibanwi kama upepo, basi pistoni inatoka kwa adabu. Baadaye isafishe yote, hata chembe isibaki, maana grisi ya kawaida huvimbisha sili, ule mpira unaoizunguka pistoni kuzuia mafuta yasivuje.

Pistoni imetoka na ina kutu upande wa nje. Nipige msasa? (Kibaha)

Swali hili ndilo roho ya kazi yote, naomba usome bila kuruka.

Watu wengi husugua ukuta wa kalipa hadi ung'ae kama kioo, halafu wanairudisha pistoni yenye vishimo. Wamefanya kinyume. Sili ya kalipa imekaa kwenye mfereji uliochongwa ukutani, nayo inaibana pistoni. Kinachozuia mafuta yasivuje ni ngozi ya pistoni pamoja na ile sili. Doa dogo ukutani linaweza kusamehewa. Ngozi ya pistoni haisamehewi.

Pistoni ya chuma hupakwa kromu, na kromu ni nyembamba sana. Pitisha ukucha. Ukikwama popote, kutu imeshatoboa, na msasa utaongeza jeraha. Nunua pistoni mpya. Kama ni doa la juu tu, ukucha unateleza, lisugue kwa kitambaa na dawa laini ya kung'arishia chuma. Pistoni ya plastiki ngumu huitazami kutu. Unatafuta ufa na mahali palipomeguka.

Utaniambia, "Lakini kutu iko nje, sili iko ndani." Sasa tazama. Pedi zinavyokwisha, pistoni inazidi kutoka nje, na raba ya vumbi (ile inayofunika mdomo wa pistoni) ikiwa imechanika, sehemu hiyo inakula maji na vumbi. Siku unapoweka pedi mpya nene, unaisukuma pistoni irudi ndani, na ile ngozi yenye kutu inakwenda kukaa juu ya sili. Ndiyo maana madereva wengi husema, "Breki zilikuwa nzima, zimeanza kushika baada ya kubadilisha pedi." Wanamlaumu fundi au pedi, kumbe kutu ilikuwa inasubiri.

Baada ya pistoni, nenda kwenye mfereji wa sili. Sili hii ina pande nne bapa, si duara. Ukikanyaga breki, pistoni inatoka na sili inapinda nayo. Ukiachia, sili inajinyoosha na kuirudisha pistoni nyuma kidogo, chini ya milimita moja. Hakuna springi ya kuivuta, ni mpira huo tu. Sasa kutu ikijaa nyuma ya sili, inaisukuma mbele na kuibana pistoni, na ule mvuto wa kurudi unakufa. Unaweza kuwa na pistoni mpya na sili mpya, breki zikashika vilevile, kwa sababu ya uchafu wa mferejini. Ukwangue kwa kijiti cha mbao kilichochongwa au waya laini wa shaba. Bisibisi itakwaruza kingo.

Sili na raba ya vumbi ziwe mpya siku zote, kutoka kwenye ripea kiti (pakiti ya mipira ya kutengenezea kalipa) ya modeli yako. Ukienda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, beba sili ya zamani na kipimo cha pistoni, maana gari la jina moja linaweza kuwa na kalipa za saizi tofauti.

Naweza kulainisha sili kwa oili ya injini? (Kigoma)

Hapana. Wala petroli, wala dizeli, wala grisi ya bearingi. Mpira wa breki huvimba kwa mafuta hayo. Tumia mafuta ya breki mapya, au grisi maalumu ya mipira ya breki.

Pistoni ya nyuma haisukumiki hata kwa klempu kubwa. (Moshi)

Acha mara moja. Kama waya wa hendibreki unaingia kwenye kalipa yenyewe, pistoni hiyo ina skrubu ndani. Haisukumwi tu, inazungushwa huku ikisukumwa, na kwa nyingi ni kuelekea saa inakokwenda. Klempu imeshaua kalipa nyingi nzima za aina hii.

Mafuta niliyokinga kwenye beseni, niyarudishe? (Iringa)

Ninyi wa Iringa mnashuka mteremko mkali wa Kitonga, kwa hiyo nasema kwa mkazo: yamwage, nunua ya chupa iliyofungwa. Mafuta ya DOT 3 na DOT 4 (madaraja ya mafuta ya breki, yameandikwa kwenye chupa) hunywa unyevu wa hewa. DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi joto 230 za Selsiasi. Yakishanywa maji, kipimo kinachokubalika kinashuka hadi 155. Yakichemka mteremkoni yanageuka mvuke, na mvuke unabanwa, basi mguu unafika chini na gari linaendelea. DOT 5 ni ya silikoni. Usiichanganye na hizo.

Nimemaliza kalipa mbili za mbele, nimetoa upepo mara tano, bado kanyagio ni laini kama sponji. (Tanga)

Dada, nenda ukatazame nati za kutolea upepo. Je, ziko juu ya kalipa au chini? Nadhani utazikuta chini. Umeweka ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Boliti hukubali, ndiyo maana kosa hili ni jepesi kufanya. Upepo hukaa juu, na ukitolea chini utamwaga lita nzima bila kuupata. Zibadilishe pande, weka washa mpya za shaba pande zote mbili za boliti ya hozi, kisha toa upepo upya huku kikopo kikijazwa kila mara.

Halafu, kabla hujawasha gari kutoka uani, kanyaga breki mara kadhaa hadi kanyagio liwe gumu. Pistoni bado ziko mbali na pedi, na mkanyago wa kwanza utakwenda hadi chini bila kusimamisha kitu. Zunguka uani kwanza, simama, tazama kama kuna tone kwenye kalipa, ndipo uelekee barabarani.